Fungua Mdomo

Nafuna aliuma kipande cha ugali wa jana, akakitoa mdomoni na kukitazama. Pale meno yalipopita palikuwa na alama nyekundu, mbichi. Alikigeuza ili Syokau asione, akauma tena, taratibu, kwa magego ya upande wa kulia ambayo bado yalikuwa na nguvu. Ugali ulikuwa umekauka ndani ya kitambaa alichoufungia tangu alfajiri. Alitafuna kidogo, kisha akameza bila kumaliza kutafuna.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Wanawake wa shamba walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mtaro katikati ya mikahawa, majembe yamelala miguuni mwao. Mwaka uliopita Syokau alikuwa akikaa ubavuni mwake, bega kwa bega, wakila kwenye bakuli moja. Siku hizi alikaa kule upepo ulikotokea. Hakusema kwa nini, na Nafuna hakuuliza. Harufu ya mdomo wake aliisikia mwenyewe kila alipojifunika blanketi.

"Bado inatoka?" Syokau aliuliza, akitazama miguu yake.

"Kidogo."

"Hata mimi leo asubuhi nimetema nyekundu." Syokau aliinua mdomo wa juu kwa kidole. Fizi zake zilikuwa zimevimba kati ya meno, zimekuwa na rangi ya zambarau. "Lakini yangu haijaanza kunuka."

Walikuwa wageni wote wawili katika shamba hilo la kahawa nje ya Ruiru. Hali ya Hatari ilipotangazwa na Wakikuyu wakaanza kukamatwa na kupelekwa kizuizini, mashamba yalibaki bila mikono, na malori yakatumwa kutafuta watu Ukambani na magharibi. Syokau na mumewe walipandia Kangundo. Barasa, mume wa Nafuna, aliandikwa kazi Kimilili. Mkewe akaruhusiwa kumfuata kwa sharti moja: mwanamke asiyefanya kazi hakai kwenye laini, safu ya vyumba vya wafanyakazi. Binti yao Nekoye walimwacha kwa bibi yake.

Posho ilikuwa unga wa mahindi, maharagwe yaliyotobolewa na wadudu, na chumvi. Kwao Nafuna hakuwahi kuona chakula kikitengwa bila mboga. Hata mwaka wa nzige mama yake alipata majani ya kunde mahali fulani. Hapa, mwanzoni, wanawake wa Kikuyu walikuwa wakija kwenye ua wa nyaya na vikapu mgongoni, wakibadilisha mboga na machungwa kwa unga. Kisha nao walihamishiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na hakuna aliyekuja tena. Kwenda soko la Ruiru kulihitaji pasi. Pasi ilitolewa na Bwana, Mzungu mwenye shamba, na Bwana alisema sokoni ndiko watu wabaya wanakopeana habari. Vishamba vidogo vilivyokuwa nyuma ya vyumba vilifyekwa kwa amri hiyohiyo. Chakula kinacholimwa kwenye laini, alisema, kinaishia tumboni mwa watu wa msituni.

Jioni moja Barasa alimwambia mkewe bila kumtazama, "Mama Nekoye, nenda umwone dresa." Tangu mvua za vuli alikuwa akilala ameelekea ukutani. Nafuna alijua maneno hayo yalimgharimu.

Chumba cha dawa kilikuwa cha mabati, kimebandikwa ubavuni mwa ghala la posho. Dresa alikuwa Muasya, Mkamba wa makamo aliyefunzwa kazi katika hospitali ya misheni, mwenye koti jeupe lililofifia na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na wagonjwa waliolala.

"Fungua mdomo, mama."

Nafuna alifungua. Muasya hakugeuza uso. Alisogea karibu zaidi, akabonyeza fizi kwa kijiti, akatazama damu ikipanda pole pole kuzunguka jino. Alipoligusa jino moja la chini, lilicheza.

"Imeanza lini?"

"Mvua za vuli."

"Unasafisha meno na nini?"

"Kidole na majivu. Miti ya mswaki iko nje ya waya."

Muasya alikitupa kijiti kwenye ndoo, akanawa mikono. "Hii ni kiseyeye, na si kiseyeye peke yake. Chakula kinalala hapa chini, kati ya jino na fizi, kinaoza, fizi inavimba. Hiyo utaiondoa kwa mswaki. Lakini fizi yako pia haina nguvu, kwa sababu mwili haupati mboga wala matunda. Hiyo mswaki hauiwezi."

"Meno yatatoka?"

"Hilo linalocheza sijui. Mengine bado yameshika." Alimtazama. "Fizi hurudi, mama. Nimeziona zikirudi kwa watu waliokuwa na hali mbaya kukushinda wewe. Ukianza sasa, zitarudi."

Alimwonyesha kwa kijiti kingine, mbele ya meno yake mwenyewe. Usisugue kama unasugua sufuria. Anzia kwenye fizi, ushuke na jino. Upande wa ndani pia, kule watu wanakosahau. Asubuhi, na jioni kabla ya kulala, kisha usukutue na maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Siku za kwanza damu itazidi," alisema. "Usiogope, na usiache. Wengi wakiona damu wanaacha mswaki, na hapo ugonjwa unapata nafasi."

"Na chakula?"

"Mboga za majani, usizichemshe mpaka zife. Machungwa, mapera, nyanya. Maziwa, ukipata."

Nafuna alimtazama. Muasya akageukia dirisha. Nje, mlango wa ghala ulikuwa na kufuli kubwa.

"Mimi sigawi posho, mama," alisema.

Kesho yake, alipokuwa akipita laini kwa baiskeli, alisimama kwenye mlango wa Nafuna na kumpa fungu la vijiti vya mswaki vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge. Yeye alikuwa na pasi ya kutoka nje. Hakusubiri ashukuriwe.

Nafuna alifanya kama alivyoambiwa. Alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa nyuzi, akaanzia kwenye fizi, akashuka na jino, ndani na nje. Siku za kwanza alitema damu mpaka Barasa akamwambia aache. Hakuacha. Baada ya muda mate yalianza kutoka meupe jioni, ingawa asubuhi yalikuwa bado na wekundu. Harufu ilipungua. Siku moja kwenye mtaro Syokau alihama upande wa upepo, akaja kukaa pale alipokuwa akikaa zamani, akaomba kijiti kimoja. Na Barasa akaanza kulala ameelekea upande wa mkewe.

Lakini fizi zilibaki laini. Akizibonyeza ziliingia kama unga uliokandwa. Jino la chini bado lilicheza.

Mvua kubwa ziliponyesha, magugu yaliota chini ya mikahawa kwa wingi ambao hata wazee wa shamba walisema hawajauona. Na magugu yenyewe yalikuwa mnavu na mchicha. Nafuna aliinama na jembe lake asubuhi ya kwanza ya palizi, akasimama ghafla, akaangalia mbele, safu baada ya safu. Mnavu, ambao kwao waliuita esufwa, majani mapana, machanga, yenye umande. Bibi yake alikuwa akiuchuma hivyo hivyo, kwa vidole viwili, akiacha shina lichipue tena.

"Kata," alisema nyapara nyuma yake. "Kata na ufukie. Bwana anataka mbolea ya kijani."

Nyapara aliitwa Mbaluka. Hakuwa mtu mkali kwa asili. Alikuwa mtu aliyepewa filimbi na buti, na aliogopa sana siku ambayo vingechukuliwa. Alisimama hapo mpaka Nafuna alipokata, akafukia, na kupiga hatua.

Siku hiyo alifukia mboga ambayo ingelisha laini nzima. Alipoona Mbaluka amegeuka, alichuma majani machache na kuyala mabichi, amechuchumaa, yakimwacha na uchungu uliomfanya afumbe macho. Siku iliyofuata alichagua sehemu ya bondeni, ambako mikahawa ilikuwa bado haijanyunyiziwa dawa ya mrututu, akachuma konzi mbili na kuzificha kifuani chini ya leso. Jioni alizipika kwa chumvi.

Barasa alionja, akaacha kutafuna. "Umetoa wapi?"

"Shambani."

"Shambani wapi?"

"Chini ya kahawa. Tunaifukia, Baba Nekoye. Kutwa nzima tunaifukia."

Barasa alitazama mlango. Kisha akakata tonge jingine, akachovya, na akaendelea kula mpaka akapangusa sufuria kwa kidole. Hakuuliza tena siku hiyo wala siku nyingine.

Palizi ilikuwa ndefu, na Nafuna alirudi na mboga karibu kila siku. Syokau naye alianza. Walichuma wakipeana zamu ya kumtazama Mbaluka, na walijifunza kubeba kidogo kidogo. Fizi za Nafuna zilianza kukaza. Alizitazama kwenye kipande cha kioo cha Barasa cha kunyolea: zambarau ilikuwa imeondoka, na kati ya meno nyama ilikuwa imechongoka tena kama ilivyokuwa alipokuwa msichana. Jino la chini lilicheza bado, lakini kidogo, kwa kusitasita. Jumapili, kwenye ibada iliyofanyiwa chini ya banda la kuanikia kahawa, aliimba bila kuweka leso mdomoni. Wilkister, msichana mgeni kutoka upande wa Bungoma, alimwambia hakujua ana sauti hiyo.

Nafuna alikamatwa siku ya kawaida kabisa. Kahawa ya mapema ilikuwa imeanza kuiva, na Bwana aliamuru watu wapekuliwe wakitoka, kwa sababu shamba la jirani lilikuwa limeibiwa. Mbaluka aliwapanga wanawake kwenye lango na kuwaambia wakung'ute leso. Syokau alikuwa ametangulia, na siku hiyo hakuwa amebeba kitu. Nafuna alifungua leso, na mnavu ukaanguka kwenye matope mbele ya buti za Mbaluka.

Mbaluka aliutazama muda mrefu. "Kwa nini leo, mama?" alisema kwa sauti ya chini. Lakini karani alikuwa amesimama pembeni na ameshaona.

Bwana alikuwa kwenye baraza ya ofisi, amevua kofia. Mboga iliwekwa juu ya meza.

"Nini hii?"

"Mboga, Bwana."

"Natoka wapi?"

"Imeota yenyewe kwenye kahawa. Tunaifukia."

"Kama nafukia, hii chakula ya kahawa. Kahawa ya nani?"

"Ya Bwana."

"Basi wewe naiba." Alisema bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Leo majani. Kesho kahawa. Hii majani napeleka kwa nani? Kwa watu ya msitu?"

Neno hilo lilikuwa limewapeleka watu mahali ambako hawakurudi. "Kwa mume wangu, Bwana. Na mimi. Ni dawa ya fizi. Dresa aliniambia nile mboga."

Muasya aliitwa. Alikuja akifunga vifungo vya koti, akasimama kwenye ngazi ya chini.

"Wewe naambia hii bibi chukua majani ya shamba?"

"Hapana, Bwana."

"Naambia nini?"

"Nilimwambia apige mswaki, Bwana."

"Na mboga?"

Muasya alitazama mboga juu ya meza, iliyokuwa imeanza kunyauka. "Nilimwambia apige mswaki," alirudia.

Nafuna alimtazama. Yeye hakumtazama.

Bwana alisema mtu anayeiba chakula, chakula chake kinapunguzwa, na kwamba mpaka mwisho wa msimu chumba cha Barasa kisipewe maharagwe. Kosa jingine, wote wawili watafukuzwa kwenye laini, na polisi wa Ruiru ndio watakaouliza habari za msitu. Kisha akaita mtu aje aondoe uchafu ule mezani.

Barasa alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, mikono kati ya magoti, ngozi ya vidole imetoka malengelenge kwa maji ya kuoshea kahawa kiwandani.

"Mboga, Mama Nekoye," alisema. "Nitamwambia nani nimefukuzwa kwa sababu ya mboga?"

"Ulikula."

"Nilikula. Usilete tena."

"Na meno yangu?"

Barasa aliinuka. Alitoka nje na kusimama karibu na mlango mpaka filimbi ya kuingia ndani ilipopigwa.

Nafuna hakuleta tena. Alipalilia akitazama jembe, si majani. Alipiga mswaki kama zamani, asubuhi na jioni, kwa bidii zaidi, kana kwamba bidii ingeweza kujazia pengo la mboga. Vijiti vilipokwisha, Muasya hakupita tena kwenye mlango wake. Alianza kuzungukia njia ya kiwanda. Nafuna alirudia kidole na majivu. Fizi zililegea. Zambarau ilirudi kwanza kwenye meno ya mbele, kisha nyuma. Ugali mtupu asubuhi, ugali mtupu jioni, na chumvi.

Mwezi wa sita, Bwana alitangaza Siku ya Afya. Gari la serikali liliingia asubuhi likiwa na kipaza sauti juu, na ofisa wa afya, Mzungu kijana mwenye soksi ndefu, akatundika picha kubwa kwenye ukuta wa ghala. Watu waliketi chini. Bwana na mkewe, Memsahibu, waliketi kwenye viti. Muasya alisimama karibu na picha akiwa na fimbo ya kuonyeshea.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mdomo mkubwa mwekundu, upande mmoja mzima, upande mwingine umevimba. Ofisa alikunjua ya pili. Nafuna aliiona vizuri kwa sababu alikuwa amekaa mbele: machungwa yaliyokatwa katikati, kabichi, nyanya, glasi ya maziwa, rundo la majani ya kijani. Bwana aliinama kwenye sikio la ofisa na kumwambia kitu kwa Kiingereza. Ofisa aliangalia picha, akaangalia watu, akacheka kidogo. Akaikunja, akairudisha kwenye gari.

Muasya alikuwa tayari ameinua fimbo. Aliishusha. Alisubiri, na alipoona hakuna picha nyingine inayokuja, akaanza kusema.

"Ugonjwa wa fizi ni ugonjwa wa uchafu," alisema. Alionyesha mdomo mwekundu. Alieleza jinsi ya kupiga mswaki, kuanzia kwenye fizi na kushuka na jino, upande wa ndani pia. Alieleza vizuri, kama alivyomweleza Nafuna, kwa maneno yaleyale. Kisha akanyamaza, na Nafuna akasubiri, na hakukuwa na zaidi.

Ofisa aliomba mtu mwenye ugonjwa huo. Mbaluka alimgusa Nafuna begani kwa filimbi yake. Alisimamishwa mbele ya watu wote, ameelekea jua.

"Fungua mdomo," alisema Muasya. Sauti yake ilikuwa ileile ya chumba cha dawa.

Alifungua. Ofisa aligusa fizi kwa kijiti na kuwaonyesha watu damu iliyobaki kwenye ncha. Wanawake wa nyuma walisogea ili waone. Memsahibu aliweka kitambaa puani. Ofisa akasema neno kwa Kiingereza.

"Anauliza, unapiga mswaki?" alisema Muasya.

"Wewe unajua."

"Mjibu tu, mama."

"Napiga asubuhi na jioni. Wewe ndiye ulinionyesha. Mwambie napiga. Mwambie fizi zilikuwa zimepona, zimekaza, wakati nilipokuwa nakula mnavu. Mwambie ni mboga tunakosa, Muasya. Mwambie mboga."

Muasya alilamba midomo. Aligeuka, akasema kwa Kiingereza. Ilikuwa fupi, fupi mno. Bwana, kutoka kwenye kiti chake, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Ofisa akatabasamu na kuwageukia watu kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Hii mama nasema: zamani mimi chafu. Sasa mimi nataka safi. Mzuri sana."

Alimkabidhi burashi ya meno, nyekundu, mpya, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Watu walipiga makofi kwa sababu Bwana alipiga makofi.

"Sikusema hivyo," alisema Nafuna.

Makofi yaliendelea.

"Mimi sikusema hivyo."

"Rudi ukae, mama," alisema Muasya karibu na sikio lake. "Tafadhali."

Nafuna alimfuata Muasya kwenye chumba cha dawa gari lilipoondoka. Jino la chini lilikuwa limelegea kabisa. Kijiti cha ofisa kilikuwa kimelimalizia. Muasya alimkalisha kwenye sanduku, akachukua koleo, akalitoa kwa mvuto mmoja tu. Halikuwa na shida yoyote kutoka. Lilikuwa jeupe, zima, halina hata tundu.

"Ulimwambia nini?" Nafuna aliuliza, pamba ikiwa mdomoni.

Muasya aliosha koleo. "Nina watoto wako shule, mama. Nikifukuzwa hapa, ataletwa mtu asiyejua hata kutazama mdomo."

"Na wewe unaujua."

Muasya alimpa pamba nyingine, akamfungulia mlango.

Bwana alifurahishwa na siku ile. Ofisa alikuwa amelisifu shamba lake mbele ya wenye mashamba wengine wa Ruiru na Thika, na Bwana alitaka sifa hiyo idumu. Kila chumba kilipewa burashi moja. Kisha amri ikatoka: kila asubuhi, kabla ya kazi kugawanywa, Mbaluka atakagua midomo. Dalili ya uchafu ni damu, kama ofisa alivyoonyesha mwenyewe. Mwenye damu anarudi chumbani, kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, hakitiwi alama siku hiyo. Anayerudishwa mara kwa mara ni mvivu, na mwanamke asiyefanya kazi, kama wote walivyojua, hakai kwenye laini.

Asubuhi ya kwanza waliorudishwa ni wale waliokuwa wamepiga mswaki. Syokau alikuwa ameamka kabla ya filimbi na kusugua kwa burashi mpya mpaka akachoka. Alipofungua mdomo, damu ilikuwa imejaa kati ya meno. Nafuna alirudishwa nyuma yake. Wanawake ambao hawakuwa wamegusa meno yao, wenye ugali wa jana umekauka kwenye fizi, walipita.

Haikuchukua muda kila mtu akaelewa. Burashi zilichomekwa kwenye nyufa za kuta na zikabaki huko. Wilkister, aliyekuwa na fizi mbaya kuliko wote na ambaye hakuwa na mume wa kumsemea, alirudishwa tena na tena. Siku moja walimkuta amekaa juu ya kifurushi chake nyuma ya lori la magunia, akipelekwa stesheni. Hakulia. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, kwa mazoea.

Nafuna alikwenda kwenye dirisha la dawa. "Tufanyeje?" aliuliza.

"Pigeni jioni," alisema Muasya. "Asubuhi msiguse."

"Asubuhi inatoka hata bila kuguswa. Unaamka nayo."

Muasya alikuwa akihesabu vidonge. Alianza kuvihesabu upya.

Kesho yake kulikuwa na ukungu, na mstari wa wanawake ulianzia ghala mpaka kwenye bomba la maji. Nafuna alikuwa katikati, Syokau nyuma yake, mwanamke mmoja kati yao. Alikuwa ameamka na ladha ya chuma mdomoni, na alijua kwa ulimi kwamba inatoka, pale jino lilipokuwa na kwenye fizi za mbele, polepole, bila kukoma. Kutema kungeonekana. Kufuta kwa leso kungeacha alama. Mbele yake mwanamke mmoja alirudishwa, akaenda zake akiwa ameinamisha kichwa, na mstari ukasogea.

Alifunga midomo. Alinyonya fizi zake, juu na chini, upande huu na upande ule, kwa nguvu, mpaka mdomo ukajaa, akameza. Akanyonya tena. Akameza.

"Fungua mdomo," alisema Mbaluka.

Alifungua. Mbaluka alichungulia haraka, akishikilia pumzi kwa sababu ya harufu.

"Safi," alisema. "Pita."

Nafuna alipiga hatua moja, akainama kana kwamba anafunga leso. Syokau alikuwa karibu kabisa, uso umemkauka. Ilikuwa zamu yake baada ya mwanamke mmoja.

"Umefanyaje?" alinong'ona.

"Meza," alisema Nafuna.

Syokau alimtazama, kisha akaelewa. Akageuza kichwa kidogo kwa aliyekuwa nyuma yake, midomo ikasogea, na yule naye akageuka. Mstari ulinyamaza. Mbaluka alipuliza viganja vyake kwa baridi, akawapa ishara wasogee. Kutoka ghala mpaka kwenye bomba la maji, mmoja baada ya mwingine, wanawake walisimama wima wakiwa wamefunga midomo, na makoo yao yakipanda na kushuka.